Mashavu Yaliyotoka kwa Mama Solange

Kitu cha kwanza nilichokichukia Amerika si baridi, ni vidole vya watu. Kila Jumapili ibada ikiisha, akina mama wa kanisa letu pale Louisville walinijia mlangoni wakanibana mashavu kama wanaochagua nyanya sokoni. "Sifa! Weh, umenona! Amerika imekukubali!" Mwingine ananikamata mkono juu ya kiwiko, anauminya, halafu anamgeukia mama yangu: "Mama Sifa, Mungu amekutendea." Na mama, ambaye kwenye kambi ya wakimbizi alizoea kusikia kwamba mwanawe amekauka, anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana. Mimi nimesimama hapo, jasho linanichuruzika mgongoni, najichukia, nawachukia wao, natamani kutapika juu ya viatu vyao vya Jumapili.

Naandika haya kwa sababu kuna binti mahali fulani anabanwa mashavu hivyo hivyo leo, na anadhani ni baraka. Udaktari sina, sitakufundisha. Nitakusimulia yaliyonipata, na ukiona yanakuhusu, kazi kwako.

Nilizaliwa na ugonjwa. Kuna tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo, na zangu hazikuumbwa sawasawa. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, wa damu ya ukoo. Kwangu mimi ulijionyesha kwa nywele. Nilipokuwa na miaka minane nilikuwa na nywele za mtu mzima, na nilipofika kumi na tatu nikaota ndevu. Ndiyo, ndevu, nimesema. Wakati huo tulikuwa tumeshakimbia Kivu ya Kusini, Kongo, na tunaishi kambini Tanzania, ndiko nilikosomea na ndiko nilikopata Kiswahili hiki ambacho mama anakiita cha mwalimu. Kila Jumamosi alifunga mlango kwa kitenge akaninyoa kwa wembe, kimya, bila kunitazama machoni. Hatukuwahi kulizungumza. Daktari wa kambi ndiye aliyenipa jina la ugonjwa na vidonge vya kumeza kila siku ya maisha yangu. Alipohamishwa, vidonge vikawa vinakuja mwezi huu na kukosa mwezi ule.

Tulifika Louisville mwaka 2014, mimi, mama na mdogo wangu Neema. Tukapewa fleti mtaa wa Highview, na mimi nikapelekwa kliniki nikaandikiwa vidonge vya mara tatu kwa siku. Mambo yangekuwa sawa kama si mkalimani. Aliyeletwa chumbani kututafsiria alikuwa shemasi wa kanisa letu. Mtu mwema, sina neno naye. Lakini daktari akiuliza habari za hedhi, shemasi anatazama dari na kuniambia, "Dada Sifa, eti, ile mambo ya kike inaendaje?" Najibu, "Vizuri." Daktari anauliza nywele za usoni. Najibu, "Hakuna." Ungejibu nini wewe? Mtu huyo huyo Jumapili ndiye anayepitisha kikapu cha sadaka mbele yako. Nilidanganya ziara nzima, na mama akaitikia kwa kichwa kila uongo.

Ndipo alipoingia Mama Solange. Kila mji wenye watu wetu una mwanamke wa namna hii. Anasafiri nyumbani, anarudi na masanduku ya vitenge, ndagala, yaani dagaa wa kwetu, na samaki wa moshi, na chini kabisa, kwenye mfuko mweusi, vidonge vya kunona. Wasomaji wa kwetu mnavijua, msijifanye. Bibi arusi asiye na mashavu ni aibu ya mama yake, kwa hiyo kuna vidonge vidogo vilivyofungwa kumi kumi kwenye nailoni, havina karatasi wala jina, na mama anampa binti yake miezi michache kabla ya posa.

"Bon, Mama Sifa," alisema Mama Solange kwa Kiswahili chetu cha Kongo chenye Kifaransa ndani, ameketi kwenye kochi letu akinikagua kuanzia miguu, "huyu mutoto iko na miaka ya kuolewa, mais iko mifupa tupu. Umupatie kimoja asubui, kimoja mangaribi. Mwezi moja tu, utaniambia."

"Haina mubaya?" mama aliuliza.

"Mubaya gani? Mi mwenyewe niliolewa nayo!"

Wakacheka, wakapigana viganja.

Sitambebesha mama mzigo wote. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na mdomo ni wangu. Wiki ya kwanza nilivimeza ili nimridhishe. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa navimeza kwa sababu zangu mwenyewe: ndevu zilikoma. Zilikoma kabisa! Nilipitisha mkono kidevuni asubuhi na kukuta ngozi laini kama ya Neema, nikapiga magoti bafuni nikalia, nikamshukuru Mungu na Mama Solange kwa pamoja. Vile vya kliniki nikaanza kuvisahau, mwisho nikaviacha. Vya nini tena?

Halafu mwili ukaanza kunigeuka. Uso ukawa duara, macho yakazama. Mikono na miguu ilibaki vijiti, lakini tumbo lilitoka mbele, na nyuma ya shingo pakaota nundu ya mafuta. Mapajani na tumboni ngozi ilichanika michirizi ya rangi ya zambarau, mipana kama kidole. Nikijigonga mezani kidogo, naamka na doa jeusi. Nilinuka jasho muda mfupi baada ya kuoga. Nilijionea kinyaa, nakwambia, kinyaa cha kweli, cha kuzima taa kabla ya kuvua nguo. Na kadiri nilivyooza ndivyo nilivyosifiwa. Mama alinipiga picha kila wiki akazituma nyumbani, na sauti za shangazi zangu zikarudi kwenye simu zikipiga vigelegele.

Mwaka uliofuata mjomba alituita Columbus, kuna kazi ya ghala. Nilipangwa kubeba maboksi kutoka kwenye mkanda kwenda kwenye malori. Siku ya nne moyo ulianza kunipiga masikioni. Nilidhani ni uchovu. Baada ya mwezi nilikuwa siwezi kupanda ngazi kumi bila kukaa, na jioni nikivua soksi, alama ya lastiki inabaki imechimbika kwenye vifundo mpaka usiku. Msimamizi, Mkenya mmoja mwenye huruma kidogo na haraka nyingi, alinitazama nikihema akasema, "Dada, hii si uvivu. Nenda ukaone daktari kabla hujaniangukia hapa."

Kwenye kliniki ya Columbus tulingoja kuanzia asubuhi mpaka nikazijua picha zote za ukutani. Mama amevaa koti la kanisani, Neema amevaa vidude vya muziki masikioni. Mkalimani hakupatikana, kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na tatu ndiye aliyefanywa mkalimani wa mwili wa dada yake. Daktari aliingia na wanafunzi watano nyuma yake. Hakuniuliza kama nataka. Alinipandisha shati, akawaonyesha michirizi kwa ncha ya kalamu, akanigeuza, akawaonyesha nundu. Wanaandika. Mmoja aliuma midomo, nikajua anazuia uso wake usikunjamane. Loo! Nilikuwa nimezoea kujionea kinyaa mwenyewe, lakini kukiona kwenye uso wa mtu aliyesomea kutoonyesha ni jambo jingine.

Wakanipima. Presha ilikuwa ya bibi kizee. Sukari ilikuwa mlangoni, bado hatua moja iingie. Wakanipaka mafuta baridi kifuani, wakapiga picha ya moyo, daktari akanionyesha kwenye kioo cha mashine: ukuta wa moyo umenenepa. Kila mahali nilinenepa, hata humo. Neema alitafsiri huku anatazama viatu vyake. "Anasema watu wenye ugonjwa wako wanapaswa kuchunga moyo kuliko watu wengine. Anasema ukiendelea hivi utakufa bado kijana." Kisha akanong'ona, "Anasema uache soda."

Sinywi soda. Inanipa kiungulia tangu kambini.

Daktari akauliza kama kuna dawa nyingine ninayotumia. Neema akauliza. Kabla sijafungua mdomo, mama akajibu: "Hakuna. Anakulaka sana tu, donc chakula ya huku iko na mafuta." Neema akalitafsiri. Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwisha kulijua hilo. Nami nilinyamaza. Mama alidanganya kwa aibu, mimi nilinyamaza kwa ajili ya kidevu changu.

Kuanzia siku ile, kwa swali lile la dawa nyingine, nilijua ni vidonge vya Mama Solange, usije ukadhani sikujua. Nilijua ni moyo au ndevu, nichague kimoja. Nilichagua kidevu laini, kila asubuhi na kila magharibi, kwa miezi sita. Kwa sababu wakati huo kulikuwa na Asukulu.

Asukulu alikuwa kijana wa Fizi, kwetu Kivu, aliyeko Buffalo, anafanya kazi kiwandani, ameokoka, sauti yake kwenye simu nzuri ajabu. Alikuwa ameona picha zangu. Mama akasema mchumba hawezi kuoa sauti, tukahama tena. Tukapanga ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao mtaa wa West Side, nyumba ambayo upepo unaingia bila kubisha, na theluji ikaanguka kabla hatujafungua mabegi. Asukulu alikuja na dada zake, akanikuta mviringo kama kwenye picha, akafurahi. Alikuwa mpole. Sina la kumlaumu kwa miezi ile.

Kisha vidonge vikaisha. Hati za safari za Mama Solange zilikuwa zimekwisha muda, hawezi kwenda wala kurudi. Mama alipiga simu Louisville, akapiga Columbus, hakuna. Siku ya tatu bila kidonge nilianza kutapika. Nilitapika uji, nikatapika maji, nikatapika kitu cha kijani. Miguu haikunibeba. Mama alinikandamiza kitambaa kichwani akaanza kuomba kwa sauti, akikemea pepo wa waliotuonea wivu wa ndoa. Neema alimwangalia, akaniangalia, akachukua simu akaita gari la wagonjwa kwa Kiingereza, bila kumuomba mtu ruhusa.

Sikumbuki njia. Nakumbuka dripu, nakumbuka mtu anasema presha imeanguka. Nilipopata fahamu sawasawa ilikuwa kesho yake mchana. Daktari wa pale, mwanamke mfupi mwenye nywele za mvi, hakuja na wanafunzi. Alivuta kiti akakaa. Aliweka simu kwenye blanketi, na ndani ya simu kulikuwa na mkalimani, mama mmoja mwenye Kiswahili cha pwani.

"Daktari anasema," sauti ikaanza, "mwili wako umeacha ghafla kitu ulichokuwa unapewa kwa wingi. Na si vidonge vyetu, maana kwa vipimo vyetu hivyo huvimezi. Anaomba umwambie ni nini."

Mama alikuwa kwenye kona, mikono ndani ya koti. Nikamtazama. Akatazama sakafu.

Ile sauti ikashuka kidogo. "Mwanangu, mimi niko mbali, sikujui, hunijui. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hilo daktari hakulisema, nimelisema mimi."

Nikasema. Nilisema vidonge, nailoni, kunona, ndevu, shemasi, vyote, nalia kamasi zinaingia mdomoni. Daktari akasikiliza mpaka mwisho. Akasema vile vidonge ni ndugu wa dawa yangu ya hospitali, ila ni kaka yake mkubwa mwenye mabavu, na ndiye aliyezima ndevu zangu, kisha akanipiga moyo na sukari. Akamgeukia mama, akamuuliza kwa upole vilitoka wapi.

"Dawa gani?" mama akasema. "Mi sijue. Pengine alipewa na barafiki zake ku kazi."

Nimewahi kuchukizwa na mengi, lakini sijawahi kuchukizwa kama nilivyochukizwa na mama yangu dakika ile. Mwanamke aliyenibeba mgongoni kuvuka mpaka! Nikageuza uso ukutani. 

Huruma ilitoka kwingine. Msaidizi wa wodi, mama wa Kirundi, alikuja kuniogesha. Nywele zilikuwa zimeanza kuchomoza kidevuni. Akaziona, nikaona ameziona. Alivuta pazia, akaleta beseni la maji ya vuguvugu na wembe wa plastiki, akaniambia, "Ujinyoe pole pole, hakuna mtu atakuja." Akasimama nje ya pazia akilinda. Basi. Hakuuliza kitu. Namwombea mpaka leo.

Nikapangiwa kushuka ngazi kwa ngazi. Sikia hili, ndugu yangu, hata ukisahau mengine: vidonge hivi haviachwi kwa siku moja. Ukivitupa kwa hasira vinakuua. Daktari alinishusha kidogo kidogo kwa dozi anayoijua yeye, na tembe za presha juu yake. Theluji ilipoanza kuyeyuka nilikuwa ngazi ya pili. Miti ya mtaani ilipotoa majani nilikuwa nimerudi kwenye dawa yangu ya zamani tu, mara tatu kwa siku. Mifupa iliniuma kama mtu aliyepigwa. Mashavu yakaporomoka na kuacha ngozi iliyolegea. Ndevu zikarudi, si zote, za kutosha kunikera. Na mama kila asubuhi anazunguka meza: "Sifa, bale bashangazi ba Asukulu batakuja mwezi wa sita. Donc wiki mbili tu, umeze kidogo, Mama Solange amepata njia. Halafu utaacha."

"Mama, moyo wangu."

"Moyo, moyo! Utaolewa na moyo?"

"Nikifa je?"

"Batu banameza na hawakufi!"

Nikaondoka mezani. Nilimpenda Asukulu, ndiyo maana kila nilipopita kwenye kabati la jikoni, mama alikoficha vidonge vipya, nililifungua nikalifunga.

Mwezi wa sita wakaja, wanawake watatu wenye vitenge vya sare, mbele yao shangazi yake mkubwa, Mama Eca, mwenye neno la mwisho. Nilikuwa nimejinyoa mpaka ngozi ikawaka, nimepakwa poda na Neema. Nikapiga magoti nikawapa maji ya kunawa na juisi. Mama Eca alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga.

"Amepungua kidogo," akasema.

"Malaria ya huku," mama akadakia, "mwili itarudi."

Malaria, Buffalo! Nikauma meno.

Wakala, wakasifu sombe, kisamvu chetu, mambo yakawa mazuri. Nilikuwa natoa sahani Mama Eca alipomwinamia mama. Alidhani sisikii. "Mama Sifa, kwenye picha huyu mutoto alikuwa muzuri sana. Ulimupatia ile ya Mama Solange, najua. Mi pia nimemuanzishia Rehema wangu, iko na miaka kumi na sita, mais kwangu zimeisha jana. Unipatie hata kumi."

Mama alitabasamu. Akaanza kuinuka.

Ningeweza kunyamaza. Nilijua kunyamaza, nimenyamaza Louisville na Columbus. Nyumba ilikuwa imejaa, posa ilikuwa inanukia, na mtoto mwenyewe wala simjui. Lakini nilimwona kichwani, siku ya tatu, anatapika kijani, na mama yake anakemea pepo.

Nikaweka sahani chini. Nikafungua kitenge mbele yao wote, nikapandisha blauzi, nikawaonyesha tumbo langu lenye michirizi. Nikachukua kitambaa cha meza nikafuta poda kidevuni.

"Hii ndiyo ile picha, mama zangu," nikasema. "Nina ndevu, nilizaliwa na ugonjwa, na mtaniona hivi kila siku nisiponyoa. Vidonge vimeniharibu moyo nikiwa na miaka ishirini na nne. Rehema asiache ghafla, atakufa. Apelekwe kwa daktari leo, aseme kila kitu."

Mmoja wa wale wanawake alisema "Yesu wangu" na kuziba mdomo kwa kitenge. Mama Eca alikuwa ananitazama kidevuni, na uso wake niliujua, ni ule wa mwanafunzi wa Columbus, ila huyu hakujizuia. Akasimama. Wakatoka bila kuaga, viatu vyao vikigonga ngazi za mbao mpaka chini.

Mama hakupiga kelele. Alikaa palepale hadi sahani zikakauka. Asukulu alipiga simu kesho yake akalia, akasema ukoo umekataa. Alisema "ukoo". Nikamjibu sawa, nikazima simu, nikalia mpaka nikachoka.

Siku iliyofuata nilikuwa na miadi ya kupimwa moyo. Mama akavaa koti lake akanifuata. Tulipoingia chumba cha kungojea, Mama Eca alikuwa ameketi dirishani, na kando yake binti mwembamba wa mikono, uso duara, anatafuna kucha. Hatukusalimiana. Nesi alipomwita Rehema, daktari wangu yule mwenye mvi akatokea mlangoni na simu yake ya ukalimani, akauliza kama kuna mtu anayejua ni dawa gani na inatoka wapi. Mama Eca akafungua mdomo, akaufunga. Akatazama sakafu.

Mama yangu akasimama katikati ya chumba, watu wote wanamwangalia.

"Mi najua," akasema kwenye ile simu, kwa sauti ya kanisani. "Mi ndiye nilimupatia wangu. Kwa mukono yangu. Na nilikudanganya, daktari. Andika."